Chuma Mguuni Mwangu

Nilikuwa nimepiga magoti mbele ya mteja, pini midomoni, nikipima pindo la mshanana wake wa harusi, lile vazi la kujitanda begani, nilipohisi unyevunyevu ukishuka kwenye muundi wa mguu wangu wa kulia. Sikuinama kutazama. Nilimaliza pindo, nikamwambia arudi Ijumaa, nikavuta pazia la duka, ndipo nikapandisha sketi na kushusha soksi.

Kidonda kilikuwa kimefunguka tena. Kilikuwa kitundu kidogo tu, kinachoweza kupitisha ncha ya penseli, na usaha wa njano ulikuwa umelowesha soksi hadi kifundoni. Nilikaa kwenye kiti cha cherehani nikiwa nimeshika ile soksi mkononi. Mguu hata haukuwa unauma sana. Niliyemwogopa ni mama mkwe. Nilikuwa nikijiuliza nitaingiaje nyumbani na habari ile mara nyingine, na ataniangalia vipi.

Mwaka uliotangulia nilikuwa nimepanda pikipiki ya abiria nikitoka Rebero, hapa Kigali, kupeleka nguo za mteja. Mvua ilikuwa imenyesha, gari likatokea kwenye kona, tukaanguka. Dereva wa pikipiki aliinuka na michubuko. Mimi mfupa wa muundi ulivunjika vibaya, na hospitali wakanifungua na kuushikiza kwa bamba la chuma na skrubu. Nilitembea kwa magongo, kisha kwa gongo moja, kisha bila kitu. Nikarudi dukani kwangu Niboye kukanyaga cherehani yangu. Nilijiona nimepona.

Miezi ikapita. Asubuhi moja nikaona kipele juu ya kovu. Nilidhani ni mbu. Kikaiva, kikapasuka, kikaanza kutoa usaha.

Kituo cha afya walichukua usaha kwa kijiti cha pamba, wakaupeleka maabara, wakanipa vidonge. Majibu yalipokuja wakanibadilishia vidonge vingine, kwa sababu maabara ilisema hivyo vya pili ndivyo vinavyowaua bakteria wangu vizuri zaidi. Nilivimeza vyote. Kidonda kikafunga, ngozi ikawa safi, nikashukuru Mungu. Kisha kikafunguka. Nikapewa dozi nyingine, ndefu kuliko ya kwanza. Kikafunga. Kikafunguka.

Muuguzi aliyenihudumia pale hakuwa mtu mbaya, lakini safari ile alisukuma karatasi ya maabara pembeni na kuniangalia kwa muda.

"Dada, nikuulize. Dawa ulimaliza?"

"Nilimaliza."

"Vyote? Hata ulipoona umepata nafuu?"

"Vyote."

"Maabara inasema dawa hii inawaua. Sasa kama inawaua, na wewe unameza, wanatoka wapi tena?"

Mama mkwe alikuwa amekaa karibu yangu kwenye benchi, na alilisikia swali lile lote.

Lazima nimweleze mama mkwe wangu, maana bila yeye habari hii haieleweki. Mume wangu anaendesha lori kati ya Kigali na Dar es Salaam, kwa hiyo sehemu kubwa ya maisha yangu ya ndoa nimeishi na mama yake. Ukoo wao ni Waislamu wa zamani wa mjini. Babu yao alikuja na biashara kutoka pwani akaoa hapa hapa. Mimi nilizaliwa mashambani, nyumbani kwetu tuliongea Kinyarwanda tu. Kiswahili nilikikuta kwake. Kushona pia nilijifunza kwake. Alinifundisha kukata kitambaa bila kuogopa mkasi, na siku nilipoharibu kitenge cha mteja kwa mara ya kwanza alikwenda kuomba radhi mwenyewe, akasema kosa ni lake. Kwa hiyo aliponitilia shaka, hakukuwa na mtu mwingine nyumbani wa kumkimbilia.

Tulitoka kituo cha afya tukarudi nyumbani pamoja. Siku chache baadaye nilirudi kutoka dukani nikamkuta sebuleni, mbele yake mezani kuna karatasi ya vidonge iliyobaki nusu. Aliitoa kwenye droo yangu.

"Hivi ni nini?"

"Ni vile vya kwanza, Mama. Walinibadilishia. Walisema niache."

"Walisema uache."

"Ndiyo. Ulikuwepo."

"Mimi nilikuwepo siku ya mwisho. Siku hiyo sikuwepo." Aliisogeza ile karatasi kwa kidole, kama kitu kichafu. "Unajua mwanangu analala ndani ya lori ili nyumba hii isimame. Na wewe unataka upoteze mguu kwa uvivu wa kumeza?"

Nilimwambia tena. Nilimweleza polepole, kisha kwa sauti kubwa, kisha nikalia, na nilipoanza kulia nilijua nimeshindwa, kwa sababu kwake anayelia ana jambo analoficha. Jioni alimpigia simu mwanawe. Mume wangu alikuwa upande wa Tanzania. Nilisikia sauti yake kutoka kwenye simu iliyokuwa mkononi mwa mama yake: "Mpe nizungumze naye." Nikapewa.

"Mama watoto, niambie ukweli tu. Sitakasirika."

Hiyo "sitakasirika" iliniuma kuliko kama angefoka. Nilimrudishia mama simu bila kujibu.

Tulipopewa dozi nyingine, mama mkwe aliamua kunisimamia. Kila asubuhi na kila jioni alikuja na bilauri ya maji, akakaa mbele yangu, akatoa kidonge mwenyewe. Nikimeza, alisema, "Fungua mdomo." Nilifungua. "Inua ulimi." Niliinua. Wanangu waliona. Mkubwa aliwahi kuuliza kama mimi naadhibiwa. Nilivimeza kwa hasira, lakini nilivimeza vyote, mbele ya macho yake, mpaka cha mwisho.

Ndiyo maana siku ile dukani nilikaa na soksi mkononi. Safari hii hakuna aliyeweza kusema sikumeza.

Nilipofika nyumbani nilimwonyesha mama mkwe mguu. Alivaa miwani, akainama, akatazama muda mrefu. Nilingoja aseme. Aliinuka akaenda jikoni, nikasikia bomba likifunguliwa na kufungwa, na alipotoka uso wake ulikuwa umebadilika. Nilitamani hata anigombeze. Kama kosa halikuwa langu, basi kulikuwa na kitu ndani ya mguu wangu ambacho dawa haikukiweza, na sote wawili hatukujua kitaishia wapi.

Tulipanga kwenda hospitali kubwa Jumatatu. Mguu haukungoja. Jumapili mchana nilikuwa napepeta mchele, nikaanza kutetemeka. Nilidhani ni baridi. Nikajifunga kanga, kisha blanketi, meno yakawa yanagongana na sikuweza kuyazuia. Muundi ulikuwa mwekundu na umevimba mpaka ngozi inang'aa. Mama mkwe aliniwekea mkono shingoni, akautoa haraka, akaita teksi.

Tulipofika Kimihurura njia ilikuwa imefungwa. Kulikuwa na mkutano wa wageni wakubwa kwenye ukumbi wa mikutano ulio kule, na msafara ulikuwa unangojwa. Magari yote yalikuwa yamezimwa injini, kimya kabisa, kama desturi yetu ilivyo. Hapa hakuna anayepiga honi.

"Njia iko imefungwa, Mama," dereva alisema. "Tungoje kidogo tu."

"Kidogo kiasi gani?"

"Sijui."

Nilikuwa nimelala kiti cha nyuma. Niliona tu majani ya mitende ya barabarani na bega la mama mkwe. Kisha bega likatoweka: alikuwa amefungua mlango na kushuka. Nilisikia akimwita askari kwa Kinyarwanda, kwa sauti ya adabu, na askari akimwomba arudi garini. Akasema tena. Askari naye akasema tena. Halafu nikasikia neno nililokuwa sijawahi kulisikia kwake kwa ajili yangu.

"Ni binti yangu yule. Njoo umwone, kisha uniambie nirudi."

Askari alikuja akainama dirishani. Alikuwa kijana mwenye uso mtulivu. Alinitazama, akatazama mguu, akaongea kwenye redio yake. Tulingoja jibu. Sijawahi kusikiliza redio ya askari kwa makini namna ile. Ilikoroma, ikanyamaza, ikakoroma. Mwishowe aliinua mkono, akamwonyesha dereva apite pembeni, juu ya ukingo, tukatoka.

Hospitali walinitundikia dripu na kunipiga picha ya mguu. Daktari wa mifupa aliyekuja alikuwa mtu wa makamo aliyekulia Bujumbura. Kiswahili chake kilikuwa cha kule, kimechanganyika na Kifaransa. Aliuliza historia yote tangu ajali, akasikiliza bila kunikatiza. Nilipofika kwenye vidonge niliharakisha kusema, "Nilivimeza vyote, Daktari." Nilisema kabla hajauliza.

"Nakuamini," alisema, kama anayejibu salamu.

Nilianza kulia pale pale. Yeye alidhani ni maumivu, akaongeza dawa.

Kisha alivuta kiti akakaa kati yangu na mama mkwe.

"Nyumbani mnaweka maji kwenye jerikani?" aliuliza.

"Tunaweka," mama mkwe alijibu.

"Ukiingiza mkono ndani, unakuta ule utelezi kwenye ukuta wake? Ukimwaga maji na kusuuza, unatoka?"

"Hautoki. Mpaka uingize mchanga, usugue."

"Voilà, umeona? Ule ni utando. Ni vijidudu vimejishika kwenye plastiki, vikajifunika kwa ute vinaoutengeneza vyenyewe. Sasa, bakteria wakifika kwenye chuma kilicho mwilini wanafanya hivyo hivyo. Chuma hakina damu, mwili hauwezi kukilinda kama unavyolinda nyama. Wanakaa juu yake, wanajenga utando."

"Lakini maabara walisema dawa inawaua," nilisema.

"Ni kweli. Wale waliopelekwa maabara ni wale waliotoka na usaha. Wanaelea, wanakula, wanazaana, dawa inawapata na wanakufa. Ndiyo maana kidonda kilikuwa kinafunga. Walio chini ya utando ni ndugu zao, ni bakteria wale wale. Tofauti ni kwamba wengi wao wamelala. Hawali, hawazaani. Dawa nyingi zinamuua bakteria anayefanya kazi. Huyu aliyelala zinampita. Dozi ikiisha, anaamka."

"Kwa hiyo wamekuwa sugu?"

"Hapana, hilo ni jambo jingine. Aliye sugu dawa haimuui popote. Hawa ukiwatoa kwenye chuma, ukawaweka kwenye chupa, dawa ile ile inawaua. Ni pale walipo tu ndipo wanaivumilia."

Mama mkwe alikuwa ameshika mkoba wake magotini kwa mikono miwili.

"Daktari," alisema. "Hata kama angemeza vyote?"

"Hata angemeza vyote, Mama. Hata ungemsimamia kila siku."

"Nilimsimamia," alisema.

Daktari alitazama picha ya mguu kwenye mwanga, labda kwa kutupa nafasi. Kisha akasema kilichobaki. Chuma lazima kitoke. Kikikaa, homa itarudi, na safari nyingine sumu inaweza kuenea kwenye damu, au mfupa wenyewe ukaoza na mguu usiokoleke. Lakini kukitoa nako kulikuwa na hatari yake: mfupa ulikuwa umeshikana upande mmoja, upande wa pili hakuwa na hakika. Ukionekana haujashika, watanifunga vyuma vya nje kwa miezi mingi, na kazi ya kuuponya itaanza upya.

"Lini?" niliuliza.

"Kesho asubuhi. Leo dawa ya mshipa ishushe homa kwanza."

Mume wangu alikuwa Rusumo, mpakani, kwenye foleni ya malori. Tulimpigia. "Wasikukate kabla sijafika," alisema. "Nisubiri. Tuzungumze na daktari mwingine." Nilimwambia sitangoja. Alisema mimi ni mke wake. Nikasema ndiyo, na mguu ni wangu. Sikuwahi kumjibu hivyo maishani. Mama mkwe alinyoosha mkono akachukua simu, nikadhani anakwenda kuungana naye.

"Nisikilize," alimwambia mwanawe. "Mkeo alikuwa anameza. Nilimtukana bure, na wewe ulimtukana bure. Sasa kaa kwenye foleni yako uendeshe taratibu, ufike salama." Akakata simu, akairudisha mkobani.

Asubuhi walinichoma ganzi ya mgongo. Kuanzia kiunoni kwenda chini sikuwa na kitu, lakini masikio yalikuwa yangu yote. Kitambaa cha kijani kilining'inia mbele ya kifua changu. Nilisikia vyombo vikiwekwa kwenye sinia, nikasikia bisibisi ikizungusha skrubu, na kila moja ilipotoka ilidondoshwa kwenye bakuli la chuma ikalia. Nilizoea mlio ule. Nilikuwa nangoja unaofuata. Halafu haukuja.

Walikuwa wamekwama. Kichwa cha skrubu kilikuwa kimelika. Daktari alisema kitu kwa Kifaransa, mwenzake akajibu kwa mkato, na mwili wangu wa juu ukaanza kutikisika mezani kwa nguvu walizokuwa wanatumia kule chini. Niliwaza mfupa ulioshika upande mmoja. Niliwaza ukikatika mikononi mwao nami nisihisi kitu. Nilitaka kuwaambia waache, na nilijua hawawezi kuacha. Mtu wa ganzi, mwanamke aliyekaa kichwani kwangu, aliniwekea kiganja kwenye paji la uso. "Komera, mama," alinong'ona kwa Kinyarwanda, yaani nijipe moyo. Mashine ndogo ikaunguruma, ikanyamaza, na kitu kikubwa kikaanguka kwenye bakuli.

Vyombo vikarudishwa kwenye sinia. Nikajua sasa anaujaribu mfupa.

"Umeshika," daktari alisema kutoka nyuma ya kitambaa. "Unanisikia, Mama? Ni dhaifu, lakini umeshika."

Niliomba nikione kile chuma. Walisita, kisha muuguzi akakiinua kwenye chombo chenye kifuniko. Nilitarajia kitu cha kutisha, cheusi, kilichooza. Kilikuwa bamba linalong'aa, na upande mmoja kulikuwa na ukungu mwembamba kama ngozi inayoota juu ya uji ukipoa. Ungeweza kuusugua kwa kidole. Nilikitazama mpaka wakakiondoa.

Homa ilipanda tena siku ile, na mama mkwe alikaa kitandani pangu akinikanda kwa kitambaa chenye maji. Keshoye ikashuka. Keshokutwa haikurudi. Mume wangu aliingia wodini akiwa bado na vumbi la safari kwenye kola, akasimama upande wa miguuni, hajui aanze wapi. Aliinua shuka akatazama bandeji, akaishusha taratibu. "Nilikosea," alisema. Nilimwambia akae. Sikuwa tayari kumpa zaidi ya hapo, na yeye hakuomba.

Majibu ya maabara yalipotoka, daktari alikuja nayo mwenyewe. Walikuwa wamekiosha kile chuma na kuotesha kilichotoka. Ni bakteria wale wale wa mwanzo. Na dawa inayowaua ilikuwa ile ile.

"Ile ile?" niliuliza.

"Ile ile. Tumekwangua mfupa, chuma hakipo, hawana tena pa kujishikiza. Sasa inaweza kufanya kazi yake. Kwa wiki nyingi, lakini."

Kwa hiyo nilirudi nyumbani na mguu kwenye plasta na vidonge vile vile nilivyovichukia. Asubuhi ya kwanza mama mkwe aliniletea maji kama zamani. Aliweka bilauri mezani, akaweka pakiti karibu yake, kisha akageuka akatoka uani kufua.

Kidonda kilifunga. Kwa muda mrefu sikuamini. Kila nikiamka nilipitisha kidole kwenye kovu kabla sijafungua macho vizuri. Siku moja nilihisi uvimbe, nikapanda basi peke yangu mpaka hospitali bila kumwambia mtu. Daktari aliubonyeza, akautazama, akasema ni uzi wa mshono uliobaki chini ya ngozi. Aliutoa kwa kibano. Nilicheka kwa sauti hadi mgonjwa wa nje akachungulia.

"Imekwisha, basi?" nilimuuliza.

"Sitakwambia imekwisha. Nakwambia picha ni nzuri, damu ni nzuri, mfupa unanenepa. Ukiona wekundu, ukiona homa, njoo siku hiyo hiyo. Usinunue vidonge duka la dawa. Usingoje Jumatatu."

Mguu umepinda kidogo kwa ndani. Mtu asiyejua haoni, mshonaji anaona, kwa sababu pindo la sketi zangu lazima nilishushe upande mmoja. Siwezi kukanyaga cherehani siku nzima. Mume wangu alileta mashine ya umeme kutoka Dar, akaibeba mwenyewe kutoka barabarani hadi dukani, na akakaa sakafuni mchana mzima akisoma maelekezo yaliyoandikwa kwa lugha asiyoijua. Hatujawahi kuzungumza tena juu ya ile simu. Sidhani tutazungumza.

Mama mkwe ndiye huzungumza. Mteja akiingia na kuniuliza naendeleaje na mguu, yeye hujibu kutoka kwenye kiti chake cha pembeni kabla sijafungua mdomo. Anawaeleza habari ya utando, chuma, bakteria waliolala. Anachanganya baadhi ya mambo, na mara nyingine anasema bakteria wana ukuta wa saruji, nami simsahihishi. Wiki iliyopita alikuja mama mmoja wa jirani, ambaye bintiye ana chuma cha nyonga na ameanza kutoa usaha, akilalamika kwamba mtoto yule ni mzembe wa dawa.

Mama mkwe alimsikiliza hadi mwisho. Kisha akainuka, akavaa viatu vyake vya kutokea, akachukua mkoba.

"Twende tukamchukue," alimwambia. "Tunakwenda hospitali sasa hivi. Njiani nitakueleza."

Niliwaona wakishuka kilima wote wawili, yeye mbele, akiongea.